Kinyago Hiki ni cha Nani?

Tarehe 20 Juni 2025, Siku ya Wakimbizi Duniani, nilisimama mbele ya meza ya kikundi chetu cha uchongaji huko Nakivale nikamwona twiga wangu. Nilimtambua kwa mguu wa nyuma wa kushoto. Ni mfupi kuliko mingine, kwa sababu patasi iliniteleza nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sita. Nilimchonga mwaka 2019. Kwenye kikaratasi kilichoning'inia shingoni mwake palikuwa na bei tatu: elfu thelathini, imekatwa kwa kalamu, elfu ishirini, imekatwa, elfu kumi. Kwa miaka sita, kila palipokuwa na maonyesho, alipandishwa mezani asubuhi na kurudishwa guniani jioni.

Mezani palikuwa na vitu saba tu. Nyuma ya meza walikaa watu wawili, Mzee wetu na kijana mmoja. Mwaka 2018 tulikuwa na meza tatu, na tulisukumana kugombania nani akae mbele ili wageni wamwone. Hema la jirani, la akina mama wasusi wa vikapu, lilijaa watu. Mimi sikuwa nyuma ya meza. Nilikuwa upande wa wageni, nimevaa fulana ya chuo, na Mzee aliponiona alinisalimu kama wanavyosalimiwa wageni.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini tuliondoka. Nasema "tuliondoka" kwa sababu nami ni mmoja wao.

Kwa msomaji asiyepajua, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, mwendo wa kilomita kama sitini kutoka mjini Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yamepokea watu tangu enzi za Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Sokoni, Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kupatana bei.

Banda letu lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee, upande wa Base Camp: nguzo sita, mabati machache, na turubai upande unaopigwa na mvua. Mzee anatoka Mwenga, Kivu Kusini. Mwanzoni alilijenga banda ili atengeneze mipini ya majembe na kurekebisha viti vilivyovunjika. Watoto walikuja kuangalia, yeye akatupa vipande vya mbao tuchezee, na mchezo ukageuka kazi. Siku moja mgeni mmoja alipita akapiga picha, akauliza kama tunaweza kuchonga wanyama. Kuanzia hapo tukawa kikundi, tukanunua daftari la mahudhurio, na tukaanza kungoja maonyesho.

Mimi nilijiunga mwaka 2017. Zana zilikuwa chache: tezo mbili, patasi tano ambazo Mzee alifuliwa na mhunzi kutokana na springi za gari, nyundo ya mti, msumeno, na msasa uliotumika hadi ukawa laini kama kitambaa. Mti alioupenda ni mfenesi. Mkalitusi ulikuwa rahisi kupatikana, lakini alisema una hasira, ukikauka unapasuka. Mfenesi ukiwa mbichi ni wa njano, na kadiri miaka inavyopita hugeuka kahawia. Gogo likifika, alizipaka ncha zake nta ya mshumaa ili lisikauke kwa haraka, akaliweka kivulini wiki kadhaa. Kisha alitufundisha kuzitazama nyuzi za mti kabla ya kugusa patasi, maana ukienda kinyume cha nyuzi, mti unang'oka pale usipotaka. Mguu wa twiga wangu ni ushahidi wa somo hilo.

Lakini kabla ya nyuzi na kabla ya patasi, Mzee alikuwa na swali moja. Alilirudia kwa kila mtu aliyeshika kipande kipya cha mti, kwa Kiswahili chake cha Kivu:

"Mutoto, hii iko ya nani?"

Nilipoanza twiga, nilimjibu: "Ya wageni, Mzee."

"Mugeni gani? Iko na jina?"

Tulicheka sote. Tulidhani ni utani wa wazee. Twiga mwenyewe nilimnakili kutoka kwenye picha ya kalenda, kwani sijawahi kumwona twiga hai hadi leo. Hifadhi ya Ziwa Mburo haiko mbali na kwetu, na twiga walihamishiwa huko mwaka 2015 kutoka Murchison Falls, lakini kuingia hifadhini ni jambo la watalii. Kwa hiyo nilichonga mnyama nisiyemjua kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Daftari la mahudhurio bado lipo. Niliomba kulisoma siku ile ya maonyesho, na likanieleza habari zote kwa tarakimu. Mwaka 2018 lina majina kumi na tisa. Mwaka 2019, kumi na sita. Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mikusanyiko ilikatazwa, Mzee akatuambia tuje wawili wawili. Tulichonga sana wakati ule kwa kuwa hatukuwa na jingine la kufanya, na maonyesho hayakuwapo ya kuvipeleka. Mwaka 2022 yalibaki majina tisa, 2023, sita. Mwaka 2025 yalikuwa matatu: la yule kijana, la mjukuu wa Mzee aliyejiunga juzi, na langu. Mbele ya jina langu hapakuwa na alama hata moja ya kuhudhuria, lakini Mzee hakulifuta.

Nilipowasimulia wenzangu chuoni habari hizi, jibu la wengi lilikuwa jepesi: vijana wa leo wanapenda simu, hawapendi kazi za mikono. Nalikataa jibu hilo, kwa sababu wale kumi na tisa nawafahamu wote na naweza kumtaja kila mmoja alipo. Wanne walihamishiwa ng'ambo na familia zao kabla mlango wa Marekani haujafungwa mwanzoni mwa 2025. Watatu wako Kampala. Watatu wanaendesha boda boda. Wawili ni mafundi simu, tena ni mikono ile ile iliyokuwa ikishika msasa. Mmoja anauza mitumba. Wasichana wawili waliokuwa nasi wameolewa. Wawili wanajenga nyumba za watu hapa Mbarara, na huwa tunakutana barabarani mimi nikienda darasani. Mmoja amebaki bandani. Wa kumi na tisa ni mimi. Katika orodha hiyo sioni mvivu hata mmoja.

Njaa nayo ilihesabika. Julai 2023 Mpango wa Chakula Duniani, ukiwa na upungufu wa fedha, uliwagawa wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu: walio katika hali ngumu zaidi wakawa wanapata asilimia 60 ya mgao kamili, wa kati asilimia 30, na walioonekana kujitegemea wakatolewa. Mei 2025 fedha zilipungua tena, na watu wapatao milioni moja wakaondolewa kwenye mgao. Sasa fikiria kijana mwenye wadogo zake nyumbani. Kuchonga twiga ni kazi ya alasiri nne au tano, na malipo yake yako mikononi mwa mgeni ambaye huenda akaja Juni. Kulima katika shamba la migomba la mwenyeji wa Isingiro ni kibarua cha asubuhi moja, na jioni unarudi na fedha au mkungu wa matoke. Hesabu hiyo haihitaji darasa la juu. Miti nayo ilipungua, mingine ikawa mkaa, mingine nguzo za nyumba, hadi gogo la mfenesi likawa la kununuliwa kwa wenyeji.

Kwa muda nilidhani nimemaliza uchunguzi wangu hapo. Lakini kuna jambo lililonisumbua. Njaa ile ile iliingia katika kila nyumba, na kwaya za makanisa hazikufa. Timu za mpira hazikufa. Wale akina mama wasusi wa vikapu waliokuwa hema la jirani hawakufa, wameongezeka. Kwa nini banda letu liwe la kwanza kuzimika?

Sehemu ya jibu niliipata nisikotarajia, katika sherehe ya harusi.

Mwanafunzi mwenzangu, Mnyankore wa Isingiro, alinialika kwenye okuhingira ya dada yake, yaani sherehe ya familia kumkabidhi binti kwa wakwe. Miongoni mwa vitu alivyopewa bibi harusi niliona vyombo vya mti vilivyochongwa kwa ustadi, vyeusi, vina vifuniko vya ukili vilivyochongoka kama minara. Niliuliza ni nini. Ni ebyanzi, nikaambiwa, vyombo vya maziwa. Kimoja huitwa ekyanzi. Nilikishika kimoja na mikono yangu ikakumbuka kazi: kukomba tumbo la chombo kupitia mdomo mdogo namna ile bila kutoboa ubavu si jambo la mwanafunzi.

Bibi yake mwenzangu alinipeleka sebuleni kuniona nilivyopendezwa. Ndani ya kabati la kioo alikuwa na ebyanzi viwili vya zamani, vya mama yake. Aliniambia kwamba zamani maziwa yalikaa humo, na kwamba chombo kilioshwa kisha kikafukizwa moshi wa nyasi maalumu ili maziwa yawe na harufu nzuri na yasiharibike upesi. Nilimwuliza nani alivichonga. Alinyosha mkono kuelekea kilima cha pili. Mchongaji alikuwa huko, amekwisha kufa, na wanawe wanaendesha boda boda.

"Na hivi vipya vya leo?"

"Vimenunuliwa mjini, mwanangu. Vitapigwa picha, kisha vitaingia kabatini."

Nilitarajia aseme kwa huzuni, lakini hakuhuzunika. Alisema maziwa sasa yanakwenda kituoni asubuhi kwa makopo ya chuma, na dumu la plastiki ni rahisi kuosha. Nilirudi Mbarara nikiwa na mawazo mengi. Nilikuwa nimeamini kwamba kufifia kwa uchongaji ni balaa la wakimbizi, watu waliong'olewa kwao. Kumbe kwa wenyeji pia, watu wasiokimbia popote, mchongaji wa kilimani hakupata mrithi. Chombo kilipoacha kufanya kazi na kuwa pambo la siku moja, fundi naye alibaki na mteja wa siku moja.

Muhula uliofuata tulikuwa na somo la methali. Mhadhiri wetu aliandika ubaoni: "Kinyago ukichonge mwenyewe, kisha kikutishe?" Tulijadili maana yake kwa saa nzima. Kisha akauliza nani miongoni mwetu amewahi kumwona mtu akichonga kinyago. Mkono wangu ulikuwa peke yake. Niliona fahari kwa dakika moja, halafu nikaona haya, kwa sababu nilikuwa najua kwamba daftari liko Nakivale na jina langu halina alama.

Kutokana na somo lile nilianza kusoma habari za vinyago, na nikagundua kwamba tunapolitumia neno hili leo tunafikiria pambo la dukani, ilhali asili ya vitu hivi ni nyingine. Kwa Wamakonde, kinyago cha usoni kilichezwa wakati wa jando na unyago. Kilikuja na ngoma, na vijana walifundishwa kwacho. Niliposoma habari za Walega, watu wa Mzee wetu, nilishangaa kwamba sikuwahi kumwuliza. Walega walikuwa na chama kiitwacho Bwami, chenye ngazi ambazo mtu alipanda kwa miaka mingi. Kila ngazi ilikuwa na vitu vyake vya mti na vya pembe za ndovu: vinyago vidogo vya uso, sanamu za watu, vijiko. Katika mafunzo, kitu kilitolewa mfukoni, kikachezewa, kikasemewa methali yake. Kuna sanamu yenye vichwa vingi, ambayo ilimfundisha mwenye kuitazama kwamba mtu mwenye hekima huangalia pande zote. Anayeiona sanamu bila kuisikia methali yake ameona mti tu.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilipiga marufuku Bwami. Vitu vingi vya Walega leo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, yakiwemo yale ya Tervuren, karibu na Brussels.

Likizo ya Desemba nilikwenda bandani nikamwuliza Mzee. Alinyamaza kitambo. Akaniambia babu yake alikuwamo. Baba yake hakumaliza ngazi. Yeye mwenyewe alirithi uchongaji wa vijiko na viti, na methali chache ambazo hazina tena vitu vyake. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya sanamu ya vichwa vingi. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu.

"Hii ilikuwaka ya mutu," alisema. "Ilikuwa na mwenye."

Hapo ndipo nililielewa lile swali lake. Halikuwa utani. Alikuwa akitueleza kwamba kitu kinachochongwa kina mtu wake tangu gogo, mtu anayejulikana jina, atakayekishika na kukisema. Sisi tulichonga kwa ajili ya "wageni", na wageni si mtu. Wasipokuja, hakuna aliyebaki wa kukidai kazi yako, wala wa kukulaumu usipoimaliza. Kwaya haikufa kwa sababu Jumapili ina watu wake. Kikapu hakikufa kwa sababu kina mama wanakibebea viazi. Banda letu lilikuwa linaishi kwa siku moja ya Juni.

Lazima niseme ukweli kwamba hoja yangu ina mpinzani mwenye nguvu. Wakamba wa Kenya walijenga uchongaji mzima kwa ajili ya wageni, na haukufa. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kazi hii Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akairudisha kwao, na kutokana naye maelfu ya watu wamepata riziki. Chama cha ushirika cha Wakamba huko Changamwe, Mombasa, kilianzishwa mwaka 1963 na kipo hadi leo. Wamechonga twiga wengi kuliko mtu yeyote. Hata miti ilipowapungukia, hasa muhugu, walijifunza kuchonga mwarobaini na mwembe. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mgeni ni sumu ya sanaa. Ila nikiwatazama vizuri naona kwamba hawakuwa wanamngoja mgeni kwa siku moja ya mwaka. Walikuwa na bandari, hoteli, duka la pamoja, na watu wa kununua kwa jumla na kusafirisha. Sisi tuliiga twiga wao bila kuwa na barabara yao. Kwetu, mtu aliye karibu si mtalii. Aliye karibu ni mama anayepika.

Na mama huyo alikuja mwenyewe. Jirani wa Mzee, Mkongo wa Uvira, kinu chake kilikuwa kimepasuka, akawa anaazima cha watu ili atwange sombe. Mashine ya kusaga ipo, lakini inadai fedha, na yeye anasema sombe ya mashine haina ladha. Alisimama mlangoni mwa banda akauliza kama sisi ni wachongaji au ni watu wa twiga tu.

Tulinunua kisiki cha mfenesi ulioangushwa na upepo kwa mwenyeji mmoja, shilingi elfu kumi, tukakileta kwa baiskeli. Kinu hakichongwi kama sanamu. Katikati tuliweka makaa ya moto, tukayaacha yale mti polepole, tukakwangua majivu kwa patasi, tukaweka mengine. Kazi hiyo ilichukua siku nne, na katika siku hizo nne banda lilikuwa na watu kuliko nilivyowahi kuliona tangu 2018. Akina mama walikuja kukagua. Mmoja alisema tumbo liwe la kina zaidi, la sivyo majani yataruka nje. Mwingine alisema midomo isiwe minene. Walibishana, wakacheka, wakamsimulia Mzee vinu vya mama zao walivyoviacha Fizi na Bukavu. Watoto walikuja kuwafuata mama zao, na Mzee akawapa vipande vya mbao wachezee.

Kinu kililipiwa elfu kumi na tano na bakuli la maharage. Baada yake tuliombwa mieko mitatu kwa elfu tatu kila mmoja, na mchi mmoja kwa elfu tano. Methali inasema mchonga mwiko hukimbiza mkono wake, na kwa mara ya kwanza niliona mwiko halisi ukitoka bandani kwenda kuokoa mkono wa mtu. Kisha wakaja wazee wawili wa Kinyarwanda waliokuwa wakicheza igisoro kwenye mashimo waliyoyachimba ardhini. Walitaka ubao wake, wenye mashimo 32 katika safu nne. Huo Mzee aliuchonga mwenyewe kwa elfu ishirini. Alipomaliza mashimo, bila kuulizwa, alichonga pembeni uso mdogo unaotazama huku na huku. Wale wazee walimwuliza maana yake, akawaambia ni methali ya kwao, akawasemea. Nilikuwa nimekaa naye miaka minane na sikuwahi kuisikia.

Ningependa kuishia hapo, lakini yule kijana aliyebaki bandani hataniruhusu. Jioni ya mwisho alichukua daftari akafanya hesabu. Mapato elfu arobaini na tisa, toa elfu kumi za kisiki, zinabaki elfu thelathini na tisa. Gawanya kwa watu wanne.

"Haifiki hata elfu kumi kwa mtu, ndugu yangu," alisema. "Wiki tatu. Kwenye migomba ningezipata kwa siku mbili. Wewe unachonga wakati wa likizo. Mimi ndiye ninayekula hapa."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kinu hudumu miaka mingi, na majirani wakishapata vinu vyao watatulia. Sitaki kuandika kama mtu aliyegundua dawa. Ninachoweza kusema ni kwamba katika wiki zile tatu majina mawili mapya yaliandikwa kwenye daftari, la mvulana mmoja na la msichana wa miaka kumi na miwili, binti wa mama wa kinu. Januari Mzee alinipigia simu. Mvulana ameacha. Msichana anakuja kila Jumamosi, na anachonga kijiko cha nyanya yake.

Kwa hiyo naamini kikundi hakitarudi kuwa cha watu kumi na tisa, na pengine hakuna haja. Lakini namna ya maonyesho inaweza kubadilika bila gharama. Nimependekeza kwa Mzee kwamba Juni ijayo tusipange bidhaa mezani. Tumwombe mama aje na kinu chake kilichotumika, na wale wazee waje na ubao wao wacheze hapo hapo, na kila mwenye kitu akisemee. Anayetaka kununua ataagiza chake, kwa jina lake.

Na sisi wanafunzi wa Kiswahili tunayo sehemu yetu. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, tunasoma mashairi na kusikiliza hotuba ukumbini. Tezo, patasi, nyuzi za mti, tumbo na midomo ya kinu: maneno haya nimeyakuta kwenye kamusi yakiwa na maana fupi, lakini niliyajifunza bandani yakiwa na kazi. Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni nauli ya siku moja. Tungeweza kumwalika Mzee, au bora zaidi, kwenda kwake na daftari.

Siku ya kuondoka nilimwomba twiga wangu. Nilidhani atanipa bure, kwa kuwa nilimchonga mwenyewe. Mzee alisoma kikaratasi shingoni, akanyosha kiganja.

"Iko ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Basi lipa."

Nilimlipa elfu kumi. Akaziandika kwenye daftari upande wa mauzo, na kwenye nafasi ya mteja akaandika jina langu. Twiga sasa yuko chumbani kwangu Mbarara, ameegemea ukutani kwa sababu ya ule mguu.